Simu Moja, Mtu Mmoja

Mama Eliya tumemzika kijijini kwake Akheri, nyuma ya nyumba yake, pale migomba inapoishia na mibuni inapoanzia. Mchungaji alisema vizuri, kwaya iliimba vizuri, na wasifu wa marehemu ulisomwa na mpwa wake kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma matangazo kanisani: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alifanya kazi kwa uaminifu katika shamba la maua Usa River mpaka alipostaafu. Hapo kwenye uaminifu nilitazama chini. Niliogopa mtu asije akaniona usoni na kujua kwamba ninajua zaidi ya karatasi ile. Ndivyo nilivyo. Wenzangu wakifika msibani wanalia. Mimi naogopa kwanza, kulia kunanijia baadaye nikiwa nyumbani naosha vyombo. Woga huu niliupata mwaka ule niliokaa katika nyumba ile, nikiwa binti mwenye cheti kipya cha kompyuta na kazi ya kwanza maishani. Aliyeujua mwaka huo pamoja nami sasa amelala chini ya udongo, kwa hiyo naona niuandike kabla sijaanza kuukumbuka vibaya.

Chumba chetu cha kazi zamani kilikuwa stoo ya mbolea. Walikipaka rangi nyeupe, wakaweka kiyoyozi na zulia, lakini mvua ikinyesha harufu ya mbolea ilirudi na kukaa nasi hadi jioni. Dirisha la nje hakikuwa nalo. Kulikuwa na kidirisha cha huduma tu, kinachotazama korido, chenye ubao ambao watu waliegemeza viwiko wakija kulalamika. Ndani tulikuwa wawili, mimi na Bwana Godlisten, mkuu wa mifumo, mwanamume mrefu aliyekunywa chai ya rangi bila sukari na kufuta miwani yake kila alipokuwa na jambo gumu la kusema. Ukutani palikuwa na kioo kikubwa kama televisheni, na katika kioo hicho kila kompyuta na kila simu ya kazini ilikuwa doa moja lenye jina la mtu. Doa la kijani, kifaa kiko salama. La njano, kina jambo. Jekundu, kimefungiwa. Kazi yangu ilikuwa kuyatazama madoa. Simu isiyo na namba ya siri, au iliyokaa bila kusasishwa, au iliyowekwa kitu tusichokijua, iligeuka njano, nami nikampigia mwenyewe. Asipotii, nilibofya ikawa nyekundu, na kuanzia hapo haikuingia kwenye barua pepe za kazi, haikuona oda za siku, na hata kadi ya mwenye simu haikufungua mlango. Karibu kila mtu niliyeweza kumfungia mlango alikuwa mkubwa kwangu, mtu wa kumwamkia shikamoo. Nilikuwa nambofya huku namwamkia.

Mfumo wenyewe haukuletwa kwa ubaya, naomba hilo lieleweke. Pale shambani siku ilianza kwa sala. Watu wa ofisini na wasimamizi wa pakihausi, lile banda la kufungashia maua, tulikusanyika kantini, tukaimba pambio, mmoja akasoma neno, tukaomba. Simu ziliachwa mlangoni kwenye kikapu zisije zikalia katikati ya maombi, na kompyuta ziliachwa wazi zilivyo. Hakuna aliyefunga kompyuta yake kwa ajili ya kwenda kwenye sala. Kufunga kulikuwa ni kumwambia wa meza ya jirani kwamba unamwona mwizi, halafu mnakwenda kushikana mikono mkimwita Mungu. Basi asubuhi moja, tukiwa katikati ya pambio, fundi mmoja wa printa ambaye hakuna aliyemjua vizuri alibaki ofisini peke yake. Alikaa kwenye kompyuta ya karani wa usafirishaji kama aliyekaa kwake, na kwa barua pepe zilizotoka kwa jina letu, shehena nzima ya mawaridi ikaelekezwa kwa mtu asiyekuwapo. Maua yalikaa kwenye maboksi mpaka yakanyauka. Fundi hakuonekana tena. Wanunuzi wetu wa Ulaya wakaandika kwa kifupi: ama shamba lijue kila kifaa kinachogusa kazi yao kiko mikononi mwa nani, ama watanunua kwingine. Bwana Godlisten aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaisoma tena, kisha akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Siku zile nilimwona mkali tu. Leo ninafanya kazi kama ile ile katika ofisi moja ya mjini, nina vijana chini yangu, na ninajua kwamba mtu yule alikuwa ameshikwa na hofu. Hofu ilitoka kwa wanunuzi ikamfikia mkurugenzi, ikashuka kwa Bwana Godlisten, ikashuka kwangu, nami nikaisambaza shamba zima.

Tukaandika masharti. Bwana Godlisten aliyaandika kwa mkono wake, akayatia sahihi, na mimi nikapewa kuwafundisha watu mpaka wayajue kwa kichwa. Niliwafundisha kantini, idara baada ya idara, nikisoma wakiitikia, kama darasa la kipaimara. Sharti la kwanza lilikuwa la simu moja, mtu mmoja: usimpe mwenzako, usiazime. La mwisho lilisema kwamba kifaa kikitoka mikononi mwa mwenyewe na yeye asijue kilipo, atakuja dirishani kusema, nacho kitafutwa chote papo hapo kutoka kwenye kompyuta yetu, hata mtaalamu asiweze kukirudisha kilichokuwamo, bila kumwuliza mwenyewe sababu. Wanawake wa pakihausi waliitikia kwa sauti kubwa na kucheka. Wakati huo bado waliniita Wifi, kwa kuwa mtandao ulikuwa mkononi mwangu, na wakinipita walikuwa wananitania: "Wifi, umetununia leo? Tufungulie basi." Nilipenda sana kuitwa hivyo.

Mama Eliya alikuwa msimamizi wao, na ndiye aliyenikaribisha kwake Akheri nilipokuwa sina pa kukaa. Siku nilipoiandikisha simu yake alicheka mpaka akashika mbavu. "Simu moja, mtu mmoja? Mwanangu Upendo, hii yangu ina ukoo mzima tumboni." Alikuwa anasema kweli. Wanawake wa kwenye grinihausi, yale mabanda ya turubai ya kukuzia maua, wengi walikuwa na visimu vya tochi, na simu ya Mama Eliya, ya kupangusa, ilikaa kwenye ubao wa dirisha la pakihausi kama kata kwenye mtungi: mwenye haja alichota akarudisha. Mmoja alimwangalia mtoto aliyeachwa kwa bibi, mwingine alisikiliza mahubiri wakati wa chakula. Nilimlazimisha aweke namba ya siri. Nikamwambia achague namba asiyoweza kuisahau, naye akachagua namba ya wimbo, ule unaoimbwa kwenye kila mazishi ya huku Meru. Hakuna mtu pakihausi ambaye hakuijua. Doa lake kwenye kioo changu lilikuwa la kijani safi, na chini yake pameandikwa jina moja.

Nyumba yake ilikuwa ya tofali, vyumba vitatu na jiko la nje. Tulikula mapema, jua halijaisha kuzama, kwa sababu yeye aliamka na kuku. Alinipikia makande, ndizi za nyama Jumamosi, na loshoro ya mahindi aliyojifunza kwa majirani Waarusha, akiweka maziwa mgando mengi kupita kiasi na kukataa kuambiwa. Baada ya kula alinawa, akaingia chumbani, na kupitia ukuta ulioishia chini ya bati nilisikia sauti ya kijana wa kiume ikisema maneno yale yale kila jioni: "Mama, nachelewa kidogo. Msinisubiri. Funika tu chakula." Halafu kimya. Alikuwa Eliya, mwanawe wa pekee. Aliyarekodi maneno hayo akamtumia mama yake kwenye simu, jioni aliyogongwa na gari akafa akiwa kwenye pikipiki, barabara ya Moshi, kabla mimi sijafika pale. Mama Eliya hakuniambia yeye, majirani waliniambia. Tulipozoeana nilimshauri nimtolee nakala, niiweke kwenye flashi au kwenye kompyuta, isije ikapotea. Akanitazama kama niliyemwomba nguo ya ndani. "Kwenye kompyuta zenu zile? Hapana, mama. Mtoto wangu akae hapa hapa." Sikurudia tena. Wakati ule kila mtu alikwishaanza kuziogopa kompyuta zetu, hata Mama Eliya, aliyelala chumba cha pili na mimi niliyezishika.

Maana woga ulikuwa umeenea. Ulianzia kwa dereva mmoja niliyemgeuza nyekundu kwa kuwa mwanawe aliweka mchezo kwenye simu. Alifika na gari getini, kadi ikakataa, akasimama mbele ya watu wote akiipitisha ile kadi tena na tena. Kesho yake ikasemwa kwamba mfumo unasikia. Kwamba ukiongea karibu na simu, maneno yanatokea kwenye kioo cha Upendo. Niliapa kuwa si kweli, na si kweli, lakini mtu anayeweza kukufungia mlango, hata akikuapia kwamba hakusikii, humwamini. Kantini wanawake walifunika simu kwa sufuria wakati wa kula. Wengine walizizungushia kanga na kuziweka ndani ya ndoo za maua. Nilipoingia na sahani yangu mazungumzo yalikatika, nikasikia mtu akinong'ona, "Kaja." Hakuna aliyeniita Wifi tena. Nilikula nikitazama wali wangu, nikajua kwamba wananiogopa, na mimi nikawaogopa wao kwa kuniogopa, na zaidi ya wote nikamwogopa Bwana Godlisten, kwa sababu kila nilichobofya kiliandikwa kwa jina langu na yeye angeweza kukisoma siku yoyote. Nilianza kuota madoa. Nikiwa barabarani nilimtazama mtu na kujiuliza ni wa rangi gani. Hata leo, mtu akiweka simu yake mezani huku kioo kinatazama juu, huwa naigeuza kifudifudi.

Mchana mmoja wa jua kali doa la Mama Eliya likageuka njano. Kitu kikubwa kilikuwa kimetoka kwenye simu yake kwenda nje. Mfumo haukuwa na uwezo wa kujua ni nini, ulijua ukubwa tu, na simu nyingine mbili ziligeuka njano wakati huo huo. Nilimpigia kila mwenye simu kama ilivyotakiwa. Mama Eliya alipokea huku mashine zikinguruma nyuma yake. "Labda ni hawa wanawake, mwanangu, si unaijua simu hii." Nikaandika kwamba amepigiwa na amejibu, nikairudisha kijani.

Jioni ile nilikuwa jikoni namenya ndizi Mama Eliya aliporudi na msichana wa grinihausi aitwaye Naserian. Walikaa barazani. Naserian alikuwa na macho mekundu, na alikohoa kati ya neno na neno.

"Yeyo, walipuliza dawa tukiwa ndani," alisema. Naserian alimwita hivyo kila siku, kama anavyomwita mama yake nyumbani. "Walisema oda ni ya haraka, hakuna kutoka. Wakafunga mlango dawa isipotee. Paulina akaanguka."

"Nilimwona wakimbeba. Waliniambia ni jua."

"Si jua! Mimi nilipenya nyuma ya turubai nikaja nikachukua simu yako dirishani, nikarudi nikapiga video. Nimemtumia kaka yangu aliyeko Dar. Yeye anajua wa kuwapa."

Nilishika kisu nisijue nikiweke wapi.

"Umefuta kwenye simu?" Mama Eliya akauliza.

"Nimefuta."

"Haya. Mtu yeyote akikuuliza, hujawahi kuigusa simu yangu. Umenielewa? Sasa nenda kanawe uso, ule."

Tulikula watatu kwenye sinia moja. Naserian hakunitazama. Nilijua kwamba kufuta kule si kufuta, kwamba mtu mwenye vyombo vyake anaweza kukirudisha kilichofutwa. Ningesema pale pale. Nikajiambia, nani atathubutu kumpekua simu mama mtu mzima, msimamizi, mzee wa kanisa? Nilitaka iwe hivyo, kwa hiyo nikaamini. Nikameza ndizi.

Video ikatoka mwisho wa wiki. Jumapili baada ya ibada watu walikuwa wameinama makundi makundi chini ya ukuta wa kanisa wakiitazama: ukungu mweupe, wanawake wamejifunga kanga puani, mwanamke ameanguka kati ya mistari ya maua. Hapakuwa na jina la shamba, lakini mtu yeyote wa Usa River alilijua lile turubai. Jumatatu kwenye sala Bwana Godlisten hakuwapo. Tukaimba, tukaomba, na tulipotoka kikapu cha simu hakikuwa mlangoni. Watu walisimama pale wakiitazama nafasi iliyokuwa na kikapu. Hakuna aliyeuliza. Nilimtafuta Mama Eliya kwa macho nikamwona anaitazama mikono yake.

Nilimkuta Bwana Godlisten chumbani kwetu, kikapu kiko mezani kwangu. Alikuwa ametoa simu tatu zilizogeuka njano siku ile, moja ikiwa ya Mama Eliya, kibandiko cha jina lake nilichokibandika mimi kikiwa bado mgongoni. Aliziweka kwenye droo yangu, akafunga kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni.

"Zilizobaki warudishie," alisema. "Kuna mtaalamu anakuja kutoka Dar, ameshatua. Anaweza kutoa kitu kilichofutwa. Nataka jina kabla ya saa ya chakula."

"Na wenye simu, bosi? Tumewaambia?"

"Hawaambiwi kitu." Akavua miwani. Nikaona macho yake, mekundu kama ya Naserian. "Upendo, wanunuzi wamepiga simu alfajiri. Mkurugenzi ananidai jina, asipopata jina atachukua langu. Kuna jina lolote unalolijua?"

"Hapana, bosi."

Akanitazama kidogo, akaenda ofisi kuu kumngoja mgeni.

Nikabaki na droo. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nusu asubuhi ile, na nimeishi miaka mingi tangu hapo. Simu mojawapo ilikuwa inapigiwa, ikatetemeka ndani ya droo, mbao ikanguruma chini ya mkono wangu, ikanyamaza, ikaanza tena. Kwenye kioo madoa matatu yalikuwa ya kijani. Mtaalamu akishaifungua ya Mama Eliya, angeiona video, angeona saa yake, na jina lililoandikwa chini ya doa lilikuwa moja. Mfumo haukujua habari za kata na mtungi. Mama Eliya angefukuzwa, pengine na polisi juu, na nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba jina la Naserian wasingelipata kwake hata wamkalishe wiki. Ningeweza kuifuta mwenyewe, kwa kubofya. Lakini jina langu lingekaa pale, bila ripoti ya mwenyewe, na ningekuwa nimeifuta sauti ya mtoto wa mtu bila kumwuliza. Nilikaa. Mikono niliibana katikati ya magoti.

Kisha nikasikia viwiko kwenye ubao wa kidirisha. Nikainua kichwa. Alikuwa Mama Eliya, amevaa koti lake la pakihausi, kilemba amekifunga upya. Nyuma yake walisimama karani wa usafirishaji na mwanamke mwingine wa kufungasha, wakingojea simu zao.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nimekuja kuripoti." Alisema kwa sauti ya darasani, ile ile niliyowafundisha kuitikia. "Simu yangu imetoka mikononi mwangu, na sijui ilipo. Hakuna aliyeniambia ilipo."

Karani nyuma yake akaacha kutafuna. Nilielewa. Alikuwa amelishika lile sharti la mwisho, na alikuwa hajakosea neno. Nilitakiwa kumwuliza swali moja tu kabla ya kufuta. Nilikuwa nimewauliza watu swali hilo mara nyingi, kwa simu zilizoanguka barabarani na zilizoibiwa sokoni, bila kulifikiria.

"Mama," nikasema, "unaelewa kwamba kila kitu kitafutika? Kila kitu, mama. Hakirudi."

Midomo yake ilitembea kidogo, kama mtu anayerudia jambo kimoyomoyo asilisahau. Nilitaka aseme hapana. Nilitaka aseme hapana ili nisiwe mimi, na niliogopa kwamba akisema hapana amekwisha. Aliweka kiganja chake juu ya ubao, kimejaa mikwaruzo ya miiba ya mawaridi, akakiacha pale.

"Naelewa," alisema. "Fanya kazi yako, Upendo."

Nikabofya. Mfumo ukauliza kama nina hakika. Nikabofya tena. Ndani ya droo simu ikatetemeka mara moja, na doa la Mama Eliya likawa la kijivu, rangi ambayo kifaa huwa nayo kabla hakijawa na mwenyewe.

Mtaalamu alifika, kijana mpole mwenye mkoba. Zile simu mbili nyingine hazikuwa na kitu, picha za harusi tu. Aliiwasha ya tatu. Ikasema: Karibu. Chagua lugha. Akaigeuza huku na huku, akampa Bwana Godlisten, naye akaitazama kwa muda, halafu akanitazama mimi.

"Nani amefuta?"

"Mimi, bosi. Mwenyewe aliripoti dirishani. Karani wa usafirishaji alikuwapo." Nikamsogezea masharti, ukurasa wa mwisho, wenye sahihi yake. Sikuwa na ujasiri wowote.

Aliisoma sahihi yake. Alikaa kwenye kiti changu. Nilidhani atapiga kelele, lakini alisema taratibu, "Umenimaliza," na nadhani alikuwa anaiambia ile karatasi. Jina halikupatikana. Wakaguzi walikuja kwa sababu ya video, na tangu hapo dawa haikupulizwa watu wakiwa ndani, si kwa miezi niliyobaki pale. Bwana Godlisten alihamishwa kabla ya mwaka kwisha. Mimi niliacha mwenyewe muda mfupi baadaye. Nilikuwa siwezi tena kuigusa ile droo.

Lakini jioni ya Jumatatu ile ilibidi turudi Akheri, kwa kuwa ndiko tulikolala. Alipika loshoro. Tulikula. Simu yake ilikuwa mezani, tupu, haijachagua lugha. Alinawa mikono, akasimama, akaelekea chumbani kama kila siku, akafika mlangoni akasimama hapo. Akarudi akakaa. Niliogopa kumtazama. Nilidhani sasa atanichukia, na kwamba ana haki.

"Wewe ulikuwa unamsikia," alisema. "Kupitia ukuta. Si ndiyo?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Sitaki hayo. Nataka useme alivyosema. Mimi tangu asubuhi najaribu, na kila nikisema naisikia sauti yangu."

Nikasema. "Mama, nachelewa kidogo. Msinisubiri. Funika tu chakula."

Akatikisa kichwa. "Hapo kwenye 'kidogo' alikuwa anacheka. Rudia."

Nikarudia, nikacheka kidogo hapo. Akasema bado, alicheka puani. Nikarudia tena. Alifumba macho, akanisahihisha, nikarudia, na hatimaye akasema, "Hivyo," na akalia, nami nikalia. Tangu siku ile, kwa miezi yote niliyobaki, baada ya kunawa alikuwa ananitazama tu, nami nasema. Hata nilipohamia mjini na kuolewa, nilipokwenda kumwona tulikula, tukanawa, nikasema, naye akanisahihisha.

Wiki hii, nikiwa peke yangu ndani ya gari, nimefunga vioo, nimeyasema maneno yale kwa sauti. Sina hakika na kile kicheko. Nimekisema hivi, nimekisema vile, nimenyamaza nikingoja, na hakuna aliyeniambia nirudie.